Mkaratusi nyumbani kwake: namna ya kuitazama bustani ya mimea asilia ya Australia

Mtu aliyekulia Njombe, Lushoto au Limuru akiingia kwenye Bustani ya Taifa ya Mimea ya Australia, mjini Canberra, pua humwambia amerudi kwao. Ni harufu ya jani la mkaratusi lililopondwa, ileile tuliyofukizwa nayo chini ya blanketi kila mafua yalipotushika. Macho ndiyo yanayoleta utata. Mti aliouita mkaratusi maisha yake yote, hapa umegawanyika kuwa makumi ya miti isiyofanana. Kichaka kilichoandikwa Acacia hakina mwiba hata mmoja. Kisha anaambiwa kwamba humu hupandwa mimea asilia peke yake, na hatua chache mbele anakuta bonde la msitu wa mvua linalopuliziwa ukungu kwa mabomba ili lisikauke.

Nimetembea humo mara mbili. Mara ya kwanza nilifanya kosa la wageni wengi: nilitafuta maua. Bustani ya aina hii ukiiendea kama unavyoiendea bustani ya hoteli utatoka umenuna, kwa sababu sehemu kubwa ya kilichomo ni majani magumu ya kijani kilichofifia na vichaka vinavyoonekana kana kwamba havijapata maji tangu mwaka juzi. Mara ya pili nilitembea na swali moja tu: mmea huu umezoea shida gani? Hapo ndipo bustani ilipoanza kusema.

Asilia ya wapi?

Bustani iko kwenye miteremko ya chini ya Black Mountain, kilima chenye msitu ndani ya mji mkuu. Ina hekta 90 hivi, na karibu 40 kati ya hizo ndizo zilizopandwa. Zilizobaki ni pori lenyewe. Mwaka 1949 Waziri Mkuu Ben Chifley na Edward Salisbury, aliyekuwa mkurugenzi wa bustani ya Kew ya Uingereza, walipanda miti ya kwanza. Waziri Mkuu John Gorton aliifungua rasmi mwaka 1970. Leo ina zaidi ya spishi 4,000 za mimea. Kuingia ni bure, utalipia maegesho tu kama umekwenda na gari.

Sisi tusiojua historia ya huko tunaweza kuuliza: kuna ajabu gani nchi kupanda mimea yake? Ajabu ipo. Walowezi wa Kiingereza waliofika mwaka 1788 walikuja na mbegu za kwao, na kwa zaidi ya karne moja bustani ya kujivunia ilikuwa ile iliyofanana na ya Uingereza: mialoni, mawaridi, nyasi laini. Mimea ya pale ilikuwa pori, kitu cha kufyekwa. Kutenga kilima kizima katika mji mkuu na kuamua kwamba waridi halitapata nafasi kulikuwa kusema jambo kuhusu nchi yenyewe. Watu wa Ngunnawal, ambao ardhi hiyo ni ya kwao tangu enzi na enzi, hawakuwa na haja ya kuambiwa. Walishajua mzizi upi huliwa, gome lipi hutibu na nekta ya ua lipi hulowekwa majini ikawa kinywaji kitamu.

Lakini neno "asilia" lina mtego. Australia ni kubwa karibu mara nane ya Tanzania. Canberra iko mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari, hupata mvua ya milimita 600 hivi kwa mwaka, na usiku wa Julai joto hushuka chini ya sifuri na asubuhi majani yote ni meupe kwa sakitu. Mtu wa Njombe ataielewa baridi hiyo. Mmea wa joto la Queensland hauielewi kabisa. Ukipandwa Canberra, mmea huo una uraia wa Australia, lakini ni mgeni kama mkaratusi ulivyo mgeni Njombe.

Ndiyo maana ya lile bonde la ukungu. Zamani lilikuwa korongo kavu. Wakaweka miti ya kutia kivuli, wakatandaza mabomba yanayopuliza maji laini, na sasa ukishuka kwenye njia yake ya mbao unapita kati ya makangaga marefu kama miti, ukisafiri kwa dakika chache baina ya misitu ya Tasmania na ile ya Queensland. Miwani inaingia ukungu. Ukitoka upande wa pili unapigwa na jua, na haupiti muda unakutana na sehemu nyingine iliyofunguliwa mwaka 2013, mchanga mwekundu na mafungu ya nyasi ngumu zenye ncha kama sindano, kuiga jangwa la katikati ya nchi. Vitu viwili hivyo ni asilia, na hakuna hata kimoja ambacho ni cha Canberra.

Mfano unaonikaa zaidi ni wa mti mdogo wenye majani ya rangi ya fedha na maua ya manjano, Acacia baileyana. Asili yake ni eneo dogo karibu na mji wa Cootamundra, ambao hauko hata kilometa 200 kutoka Canberra. Watu waliupenda wakaupanda kila mahali, ukaanza kusambaa wenyewe vilimani na kuzisonga mimea mingine. Leo, mjini Canberra, mti huo uliotoka jirani huhesabiwa kuwa gugu. Mpaka wa nchi kwenye ramani hauujui mmea. Unachokijua mmea ni udongo, mvua, baridi na wadudu.

Kofia ya mkaratusi

Tuje kwenye mti tunaoujua. Mikaratusi ina spishi zaidi ya 800, na karibu zote asili yake ni Australia peke yake. Chache tu ndizo zinazofika Papua, Timor au Ufilipino. Afrika Mashariki tumeletewa chache kati ya hizo, zilizochaguliwa kwa sababu moja: hukua haraka zikatoa nguzo na kuni. Kuujua mkaratusi kwa hizo ni kama kula sangara peke yake na kudai unawajua samaki.

Kwenye uwanja wa nyasi ambako mikaratusi mingi imepandwa pamoja, watu huketi kula chakula cha mchana. Keti nao, halafu tazama chini. Utaona vifuniko vidogo vilivyoanguka, kila kimoja kama kofia ya mtu asiyezidi mbegu ya ufuta. Petali za ua la mkaratusi zimeungana zikawa kifuniko cha tumba. Ua likiwa tayari, kifuniko kinadondoka na nyuzi za stameni, sehemu za kiume za ua, zinachomoza zote kwa pamoja. Rangi unayoiona ni ya nyuzi hizo. Ndiko jina lilikotoka: Mfaransa L'Héritier alipouelezea mwaka 1788 aliunganisha maneno ya Kigiriki yenye maana ya "uliofunikwa vizuri". Nilirudi nyumbani nikaenda kutazama chini ya mikaratusi ya shule niliyosoma. Kofia zilikuwepo, zimetapakaa kama zilivyokuwa zimetapakaa miaka yote ile tuliyofagia.

Inua macho sasa. Majani ya mkaratusi mkubwa mara nyingi hayalali, yananing'inia. Jua la saa sita linapita kandokando yake badala ya kuyapiga usoni, na maji hayapotei hovyo. Ndiyo sababu kivuli chake ni chembamba, hata kwetu ng'ombe humkimbilia mwembe akauacha mkaratusi.

Kwenye mikaratusi mingine ya Black Mountain yenyewe, ile yenye gome jeupe laini, kuna jambo la kukusimamisha. Gome limeandikwa. Mistari ya kahawia inakwenda zigizaga, inajikunja, inarudi ilikotoka, kama mtoto aliyepewa kalamu kabla ya kujua herufi. Anayeandika ni kiwavi wa nondo mdogo sana. Huchimba njia chini ya gome, hufika mahali akageuka na kurudi sambamba na njia yake, kisha hutoka. Baadaye gome la juu linabanduka na mwandiko unabaki wazi. Niligusa kwa kidole nikifuata mstari mmoja mpaka ulipoishia. Urefu wake haukufika hata nusu ya kiganja.

Na lile la kunywa maji? Kwetu mkaratusi una kesi. Mwaka 2009 waziri wa mazingira wa Kenya, John Michuki, aliagiza mikaratusi iliyo kwenye vyanzo vya maji ing'olewe, na hapakuwa na mkulima asiyekuwa na maoni. Ukiuona mti huu kwao unaelewa kesi ilikotokea. Mmoja wa tunaoupanda sana, Eucalyptus camaldulensis, huko Australia husimama kwenye kingo za mito, mizizi yake imeingia majini. Tulichagua miti yenye kasi na kiu, tukaibananisha shambani au kandokando ya kijito, kisha tukashangaa kijito kinapungua. Mkaratusi wa nchi kavu una desturi nyingine kabisa, ila huo haukui haraka, kwa hiyo hakuna aliyetuletea.

Jina la camaldulensis lenyewe ni kichekesho. Ndio mkaratusi ulioenea kuliko yote Australia, lakini jina lake limetokana na Camaldoli, mahali pa Italia penye bustani ambamo mti mmoja ulipandwa ukaelezewa kisayansi mwaka 1832. Mti uliojaa bara zima umepewa jina la bustani ya ugenini.

Mgunga ulivyopokonywa jina

Sasa yale maandishi ya Acacia. Kwetu jina hilo lina sura yake: mgunga uliotandaza kichwa kama mwavuli, miiba mirefu meupe, twiga nyuma yake. Neno lenyewe, kwa asili yake ya Kigiriki, huhusishwa na miiba. Kibao cha bustani hii kinakuonyesha kichaka kisicho na mwiba, na vichaka vya namna hiyo Australia ina karibu spishi 1,000. Kuna nini?

Tangu karne ya 18 wanasayansi walikuwa wameiweka miti ya namna hii yote, ya Afrika, ya Asia, ya Marekani na ya Australia, kwenye jenasi moja kubwa, yaani kundi moja la spishi zilizo ndugu wa karibu. Uchunguzi wa vinasaba ulipokuja, ikaonekana huo haukuwa ukoo mmoja. Zilikuwa koo kadhaa zilizovalishwa joho moja. Ilibidi zitenganishwe. Swali likawa: nani atabaki na jina?

Kanuni ya kutaja mimea ilikuwa na jibu. Kila jenasi ina spishi yake ya msingi, na jina hufuata spishi hiyo popote inapokwenda. Spishi ya msingi ya Acacia ilikuwa mgunga wa Mto Nile, Acacia nilotica. Kwa kanuni hiyo jina lilikuwa la kwetu, na miti ya Australia ilipaswa kupewa jingine. Waaustralia wakaleta hoja: sisi tuna karibu spishi elfu moja, ninyi mna mia na kitu, kubadilisha majina ya wengi ni fujo kuliko kubadilisha ya wachache. Wakaomba spishi ya msingi ibadilishwe iwe ya Australia. Mwaka 2005, kwenye mkutano mkuu wa wanabotania mjini Vienna, pakapigwa kura. Waliopinga walikuwa asilimia 54.9. Wakashindwa. Kamati ilikuwa imeshapendekeza mabadiliko yapite, na kulikataa pendekezo la kamati kulihitaji asilimia 60. Mwaka 2011 suala lilirudi mezani, safari hii mkutano ukiwa Melbourne, Australia, na uamuzi ukabaki palepale.

Hivyo mgunga wa kichwa cha mwavuli leo kwenye vitabu ni Vachellia tortilis, ule wa gome la njano wa kandokando ya Ziwa Naivasha ni Vachellia xanthophloea, na unaotoa gundi ya arabuni ni Senegalia senegal. Hoja ya wingi wa spishi ninaielewa. Ila wengi wanapopiga kura ya kukataa na jambo likapita, mtu ana haki ya kukunja uso. Bahati nzuri Kiswahili hakikuhudhuria mkutano: mgunga ni mgunga.

Namna ya kuitambua Acacia ya Australia bila kusoma kibao ni hii. Nyingi hazina majani halisi. Kinachoonekana kama jani refu jembamba ni kikonyo cha jani kilichopanuka na kuwa bapa, ambacho hupoteza maji kidogo. Tafuta Acacia melanoxylon iliyo changa. Kwenye tawi moja utakuta jani lenye vijani vidogo kama vya mgunga wetu, na kikonyo chake kimeanza kutanuka. Linalofuata lina vijani vichache na kikonyo kipana zaidi. Linalofuata ni kikonyo kitupu. Mti unakuonyesha ulikotoka na unakokwenda, kwa urefu wa mkono mmoja.

Na miwati ya Njombe, ile inayobanduliwa gome ili kupata tanini ya kutengenezea ngozi, ni ndugu wa vichaka hivi. Jina lake ni Acacia mearnsii. Mbelgiji De Wildeman alipouelezea mwaka 1925, sampuli aliyoitumia ilikuwa imechumwa Afrika Mashariki, kwenye mti uliopandwa, na Mmarekani Edgar Mearns. Nyumbani kwao Australia mwati unaitwa kwa jina uliloletewa kutoka kwetu. Tumedaiana, tukalipana.

Udongo uliochoka

Banksia ndiyo niliyoikalia muda mrefu kuliko zote. Jina lake ni la Joseph Banks, aliyefika pwani ya mashariki na James Cook mwaka 1770 na kukusanya mimea pamoja na Daniel Solander. Ua lake ni kama gunzi la mahindi lililosimama wima, maua mamia yamepangwa kwa mistari. Familia yake inapatikana pia Afrika, ambako ndugu zake ni protea, zikiwemo za nyanda zetu za juu. Ni moja ya koo zinazokumbusha kwamba mabara haya ya kusini yaliwahi kuwa nchi moja.

Udongo wa sehemu nyingi za Australia ni mkongwe, haujafufuliwa na volkano wala kukwanguliwa na barafu kwa mamilioni ya miaka, na fosforasi imeshachujwa. Banksia hushinda kwa kuotesha mafungu ya vijizizi, kama brashi, yanayotoa asidi na kukomba chembe za mwisho za fosforasi. Ni mashine ya kukamua pasipo na kitu. Sasa chukua mashine hiyo uimwagie DAP, mbolea yenye fosforasi nyingi, kwa moyo mweupe: haijui kuacha kunywa. Inajisumu yenyewe, majani yanaungua kingo, inakufa. Wapenda bustani wa huko hununua mbolea maalumu yenye fosforasi kidogo sana.

Shida nyingine ni moto. Mbegu za banksia nyingi zimefungiwa ndani ya vikasha vigumu vyenye midomo, kama chaza, na utomvu wake haulegei mpaka upate joto kali. Moto unapita, midomo inafunguka, mbegu zinaanguka kwenye majivu. Mimea mingine hungoja moshi tu. Mwaka 2004 wanasayansi wa Perth walitambua kemikali moja ya moshi inayoamsha mbegu, na kundi la kemikali hizo likaitwa karikini, kutokana na neno la moshi katika lugha ya Wanoongar, wenyeji wa asili wa eneo hilo. Mikaratusi yenyewe huficha machipukizi chini ya gome na kwenye uvimbe wa chini ya shina. Ukiungua, huchipua. Kila mwenye shamba la nguzo Iringa anaijua tabia hii: unakata, kisiki kinachipua, unavuna tena bila kupanda. Machipukizi tunayoyauza yalitengenezwa na moto wa Australia.

Si kila mmea wa humo unaupenda moto. Mwaka 1994, katika makorongo ya Wollemi, nje ya Sydney, ulipatikana mti wa ukoo uliojulikana kwa visukuku tu. Porini miti mikubwa yake haifiki 100. Mioto ya 2019 na 2020 ilipoukaribia, ndege zilimwaga dawa ya kuzuia moto na wazima moto wakashushwa kwa helikopta kuweka mabomba ya maji. Miche yake huuzwa sasa, na mmoja umo bustanini hapa: shina la mapovu, kama chokoleti iliyochemka ikaganda.

Mingine niipite upesi. Mgrivea, kivuli cha kahawa na chai, asili yake ni ukanda mdogo wa mashariki mwa Australia. Makadamia ya Murang'a na Embu yametoka misitu ya ukanda huohuo. Mvinje wa ufukweni ni wa ukoo wa miti ambayo "sindano" zake ni vitawi. Vuta kimoja pingili kwa pingili, utaona vimeno vidogo kwenye kiungo, na hivyo ndivyo majani. Na usishtuke mjusi wa karibu mita moja akikutazama kutoka kwenye jiwe. Wako wengi, wamezoea watu, na wanaelewa vizuri kuliko wewe saa ya jua kufika wapi.

Nenda kati ya mwisho wa Agosti na Oktoba kama unaweza, vichaka vya Acacia vikiwa vimewaka manjano. Waongozaji wa kujitolea huzungusha wageni bure. Waulize maswali, hawachoki.

Kabla ya kutoka nilisimama kwenye nyasi. Kulikuwa na fungu la majani mekundu-kahawia, masuke yameinama, na muongozaji, mama wa makamo, akaniambia ni nyasi za kangaroo. Jina la kitaalamu ni Themeda triandra. Ni zilezile zinazoipa Serengeti rangi yake kiangazi, spishi ileile, na hazikuletwa na mtu. Ni za huku na za kule. Akaokota punje moja iliyodondoka, yenye unywele mweusi mrefu uliojisokota, akaniwekea kiganjani, akadondosha tone la maji kutoka kwenye chupa yake. Tukangoja. Unywele ukaanza kuzunguka polepole, ukajipinda, punje ikaelekeza ncha yake chini na kuanza kunichoma ngozi, ikitafuta udongo.